Mwandiko wa kwenye daftari la mjomba ni wangu

Kuna watu Makorora, mtaani kwetu Tanga, mpaka leo wakiniona nimeshuka kwenye basi la kutoka Dar wanashika mifuko yao. Wanafanya utani, ila sio utani wote. Miaka minne nilikuwa karani wa mjomba wangu, na mjomba wangu alikuwa anakopesha pesa kwa riba, hii biashara ambayo siku hizi mnaiita kausha damu, kwetu pale tulikuwa tunasema tu "pesa ya mzee". Ukisikia fulani amekula pesa ya mzee basi, habari nyingine zote ushazijua.

Nataka niandike hii habari ya jinsi mjomba alivyoacha riba akarudisha pesa za watu, kwa sababu ndugu zangu wanaihadithia vibaya. Kila nikienda nyumbani naikuta imeongezwa chumvi, mara mjomba aliota ndoto, mara alisikia sauti akiwa amelala, na wote wanaanzia kanisani. Haikuanzia kanisani jamani. Ilianzia kwenye masufuria, na mimi nilikuwepo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mjomba alipunguzwa kazi kiwandani miaka ya tisini, wa Tanga mnaukumbuka ule wakati, viwanda vinafungwa kimoja baada ya kingine na wanaume wazima wanashinda barazani saa nne asubuhi wamevaa nguo za kazi wakati kazi hakuna. Akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua mabati, wengine wakaongeza mke, yeye pesa akaikalia. Mwanzo alikuwa anamkopesha jirani elfu kumi anarudishiwa elfu kumi na moja, ya soda tu. Halafu ikawa kumi na mbili, halafu kumi na tatu. Mpaka mimi namaliza form four naenda kukaa kwake, bei ishakaa sawa: ukichukua laki unarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi. Ukishindwa, unalipa ile thelathini peke yake na laki inabaki pale pale kama jiwe la mlangoni, mwezi ujao tena thelathini, na ujao tena.

Watu hawapigi hii hesabu mpaka mwisho, ndo maana inaua. Kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi alichukua laki moja, akalipa elfu thelathini miezi 14. Laki nne na ishirini. Na bado anadaiwa laki. Hiyo mistari 14 niliiandika mimi, kwa kalamu ya bluu, na kila mstari nikapiga tiki nzuri kabisa maana mwandiko wangu shuleni ulikuwa unasifiwa. Mjomba alinichukua kwa ajili ya huo mwandiko. Yeye alikuwa anaandika kama kuku kakanyaga.

Nilikuwa na kaunta buku tatu. Moja ya walimu na manesi, moja ya wavuvi, moja ya "mchanganyiko", humo kuna mama ntilie, bodaboda, mafundi, kila mtu. Walimu ndo walikuwa rahisi, wanaacha kadi ya benki na namba ya siri, mwisho wa mwezi mjomba anakwenda kupanga foleni kwenye ATM na kadi kumi na kitu zimefungwa rababendi, watu wa nyuma yake wanaguna. Bibi, mama yake mjomba, alimuona siku moja anazihesabu hizo kadi mezani akamwambia, baba yenu mkongeni alikuwa na kipande, karatasi ya siku 30, kila siku ukifanya kazi inatiwa alama na mpaka zitimie 30 ndo ulipwe, na kabla hazijatimia ushakopa dukani zote. Akaichukua kadi moja akaigeuzageuza. Akasema, hiki kipande cha siku hizi kinang'aa.

Mjomba akacheka. Bibi hakucheka.

Wavuvi walikuwa na akili yao, na mjomba akawazidi akili. Mvuvi wa dagaa anaingia baharini usiku wa giza, anawasha taa dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, anakaa nchi kavu anashona nyavu na njaa inamuangalia. Sasa mjomba alikuwa na kalenda yenye miezi ya kiislamu ukutani, sio kwa ibada, ibada alikuwa hana habari nayo, ni ya kuangalia mwezi. Tarehe 12, 13 ya mwezi mwandamo anapanda baiskeli anateremka pwani anawaamkia watu, "shikamooni wazee, hali za huko?" Yani anakwenda kuuza pesa siku ambayo anajua hakuna hata mmoja mwenye senti. Nilidhani ni ujanja mkubwa sana ule. Nilikuwa na miaka 19, nikawa namsimulia kila mtu jinsi mjomba alivyo na akili.

Na vitu vya bondi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na stoo, godoro, televisheni za chogo, baiskeli, nyavu, feni, na masufuria. Masufuria mengi sana yale makubwa ya shughuli, maana mama wa Tanga anaweza asiwe na kitu chochote cha thamani ndani lakini sufuria la kupikia kilo ishirini analo. Kwa wenye viwanja kulikuwa na karatasi nyingine, mkataba wa mauziano. Hukopi, unauza nyumba yako, kwa maandishi, na mashahidi wanasaini, halafu kwa mdomo mnaelewana kwamba ukirudisha pesa karatasi inachanwa. Ukichelewa, karatasi haisemi mkopo, inasema umeuza. Mbili ya hizo niliandika mimi.

Bibi alifariki 2017 wakati wa masika, na msiba ukawekwa kwa mjomba kwa sababu ndo mwenye uwanja mkubwa.

Niwaeleze familia yetu wasioijua Tanga wasishangae. Bibi alikuwa Mbondei wa Muheza, Mkristo, wale wa kanisa la Anglikana ambao kwao ukristo uliingia na wamisionari wa Magila toka karne ya kumi na tisa. Babu alikuwa Muislamu. Watoto wakatoka mchanganyiko, kila mmoja na njia yake, mjomba mkubwa swala tano hakosi, mama yangu anafuata ndoa yake, na huyu mjomba wetu wa pesa alikuwa na jina la kiislamu na siku ya Idi anakula, Krismasi anakula, basi dini yake ikawa imeishia hapo. Kwenye msiba wa Bibi padri kaja, masheikh wamekuja, ng'ombe kachinjwa na Muislamu ili kila mtu ale, ni mambo ya kawaida kabisa pale kwetu wala hakuna anayeshangaa.

Sasa wakinamama wakaja kupika. Msiba ule ulikuwa mkubwa, watu wametoka Muheza, Korogwe, Pangani, na mtaani ikaanza kuulizwa masufuria. Kila anayeulizwa anaangalia chini. Mpaka mama mmoja mtu mzima akasema kwa sauti ya kawaida tu, "si yako ndani hapo."

Mjomba akanipa funguo. Nikafungua ile stoo.

Sijui nieleze vipi. Masufuria ya watu yana alama, mtu anapaka rangi ya mafuta chini au pembeni, herufi ya jina lake, msalaba, nyota, doa jekundu, ili yasipotee kwenye shughuli. Waliingia wale kina mama kama kumi na mbili hivi wamejifunga kanga viunoni, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye la kwake. Hakuna aliyeuliza. Wakayatoa nje, wakayasugua, wakayainjika, wakapika wali na maharage na nyama siku tatu, wakamlilia Bibi kwa sauti na wakampakulia mjomba chakula yeye kwanza kwa kuwa ndo mfiwa. Mama wa maandazi alikuwepo. Alipika uji wa alfajiri.

Siku ya kuanua matanga wakayaosha kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa, nikajua sasa wanaondoka nayo, hata mimi nilishasema moyoni nani atawazuia. Wakayarudisha stoo. Yote. Wakayapanga kwa ukubwa, madogo ndani ya makubwa, yule mama mtu mzima akafunga kufuli akamletea mjomba funguo kwa mikono miwili, akasema pole baba.

Mjomba akamuuliza, mbona hamjachukua?

Akasema, "yapo bondi."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Ningekuwa nimesikia kejeli ningewaambia. Alikuwa anataja tu kitu kilivyo.

Basi mjomba usiku ule hakulala, nilimsikia anatembea uani. Wiki hiyo hakwenda kukusanya. Wiki ya pili akaenda lakini anarudi mapema, hesabu hazitimii, namuuliza anasema acha. Akaanza kuogopa kupita nyuma ya nyumba.

Hapa sasa ndo linaingia kanisa, na kwa kweli kanisa la kwanza halikumsaidia. Nasema kwa heshima. Kulikuwa na mkutano wa injili kwenye turubai kubwa, spika mpaka unasikia kifuani, na mjomba akaenda usiku mmoja, akaitwa mbele, akaongozwa sala ya toba, akalia, akaanguka, akarudi nyumbani saa sita usiku uso umemvimba kwa kulia. Kesho yake ni mlokole. Akaacha bia siku hiyo hiyo, hilo sikatai. Akatoa sadaka ya shukrani, milioni na nusu taslimu, na Jumapili iliyofuata akawekewa kiti cha mbele kile cha plastiki chenye kitambaa.

Hiyo milioni na nusu niliihesabu mimi. Ilitoka kwenye buku la wavuvi.

Na biashara ikaendelea! Ndo jambo ambalo ndugu zangu wanaruka wakihadithia. Kama miezi saba hivi mjomba alikuwa ameokoka na anakopesha, tofauti ni kwamba sasa anasema "Bwana asifiwe" kabla ya kuuliza umeniletea ngapi. Alipunguza ikawa asilimia ishirini akajiona ametubu. Kuna mtu alimwambia mlangoni, mzee afadhali ulipokuwa mpagani, tulikuwa tunalia bila kuitikia amina.

Sina ugomvi na watu wa turubai, naamini wengi wamesaidiwa pale na machozi ya mjomba yalikuwa ya kweli. Ila walimpokea yeye na pesa yake pamoja, hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Aliyeuliza ni mzee mmoja katekista wa kanisa la Bibi. Mstaafu wa reli, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza, na sauti ndogo. Mjomba alikwenda kule mwanzoni mwa 2018 kwa sababu ya misa ya kumbukumbu ya mama yake, halafu akamwambia yule mzee anataka ubatizo, ubatizo wa kanisa la mama. Yule mzee akamwambia vizuri, darasa ni Jumanne na Alhamisi saa kumi, na ukija uje na daftari.

Mjomba akaja na daftari jipya la kuandikia mafundisho.

"Sio hilo," mzee akasema. "Lile."

Nilikwenda naye mara ya pili, nimebeba kaunta buku zote tatu kwenye mfuko wa rambo, tukakaa kwenye benchi nyuma ya kanisa chini ya mwembe, na yule mzee akavaa miwani akasoma. Alisoma kama saa nzima, anafungua ukurasa, anasoma, analamba kidole, anafungua. Kuna majina alikuwa anatikisa kichwa. Halafu akauliza mwandiko wa nani, mjomba akasema wa huyu mpwa wangu. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema "mzuri". Basi.

Mafundisho yale hayakuwa ya maneno mengi. Alimsomesha Kutoka sura ya 22, pale ukichukua vazi la maskini kuwa rehani umrudishie kabla jua halijazama maana ndo analojifunika usiku, mjomba akanyamaza, nikajua anafikiria magodoro. Alimsomesha Nehemia sura ya 5, matajiri wa Yerusalemu wamewakopesha ndugu zao wakati wa njaa wakachukua mashamba na nyumba na mpaka watoto, na Nehemia akawaita mbele ya mkutano akawataka warudishe siku hiyo hiyo, akakung'uta vazi lake mbele yao kwamba asiyerudisha Mungu amkung'ute hivyo. Na Zakayo bila shaka, Luka 19, mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu, ambaye hakuambiwa rudisha, alisema mwenyewe, nusu kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na hapo ndo Yesu akasema wokovu umefika kwenye nyumba ile. Mzee akamuuliza mjomba, kwenye ile habari maneno ya wokovu yamekuja kabla au baada ya hesabu?

Mimi ni mtu wa kusoma soma, miaka ya karibuni nikaja kukuta kwamba yule mzee alikuwa anafuata njia ya zamani sana, pengine hata bila kujua. Mtaguso, yani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325 ulikataza makasisi kukopesha kwa riba. Mtaguso wa tatu wa Laterano, 1179, ukasema mla riba anayejulikana asipewe komunyo na akifa hajatubu asizikwe kikristo. Wa pili wa Lyon, 1274, ukakaza zaidi, hata ukiandika wosia kwamba watu walipwe, huzikwi mpaka wawe wamelipwa au umeweka dhamana. Yani maiti inasubiri hesabu! Baadaye makanisa yakalegeza, riba ya wastani ikakubalika, na mimi mwenyewe nina mkopo benki sijioni nimetenda dhambi. Lakini lile wazo kwamba toba ina upande wa kalkuleta, lile nadhani tulilitupa pamoja na mengine.

Mara nne haikuwezekana. Tulipiga hesabu siku mbili, mara nne ingehitaji mjomba auze Makorora nzima. Yule mzee akasema kuna kipimo kingine, kwenye Walawi sura ya 6, aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Basi tukachukua kila jina: alichukua ngapi, amelipa ngapi, kilichozidi ndo tulichomdhulumu, weka juu yake sehemu ya tano. Mama wa maandazi, amelipa laki nne na ishirini toa laki yake, inabaki laki tatu na ishirini, sehemu ya tano ni elfu sitini na nne. Laki tatu na themanini na nne elfu. Mjomba akaiangalia hiyo namba akasema huyu mama angekuwa na genge.

Mwaka huo huo 2018 ikapitishwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kwamba mkopeshaji lazima awe na leseni, na Benki Kuu ikaja kuweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho yule mama miezi 14 angelipa riba elfu arobaini na tisa. Kwa hiyo kuna watu wanasema mjomba aliogopa sheria akajificha kanisani. Sina cha kuwajibu zaidi ya kwamba sheria ilimtaka akate leseni, haikumtaka auze pikipiki mbili, kiwanja cha Pongwe na nusu ya nyumba yake.

Aliyekasirika alikuwa mjomba mkubwa. Alikuja Ijumaa baada ya swala, hakukaa. Akasema mdogo wangu, riba ni haramu kwetu toka tumezaliwa, imeandikwa kwenye Baqara kwamba anayeendelea nayo ametangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na imeandikwa mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda. Kuiacha riba hukuhitaji kuhama dini. Umetuaibisha bure.

Mjomba alikuwa anakata kucha. Akasema, kaka, hayo nimeyajua miaka hamsini. Nilikuwa nayajua ndani ya ATM.

Kimya kikawa kirefu. Kaka yake akasema na huko utayajua miaka mingapi? Swali la haki kabisa lile. Mjomba akasema sijui, ila huko kuna mtu amenishika mkono, na wakati ule nilikuwa nahitaji mkono.

Mimi nikategemea ugomvi wa familia. Kilichotokea ni kwamba mjomba mkubwa alirudi Jumatatu na miwani na peni yake. Maana ilipojulikana mtaani kwamba mzee anarudisha pesa, Tanga nzima ikakuta iliwahi kukopa. Watu tusiowajua wanakuja na machozi, mmoja alidai amelipa milioni na daftari linaonyesha hajawahi kulipa hata mia. Mjomba alikuwa tayari kuwapa wote, kaka yake akasema hapana, haki ni haki pande zote, akaweka meza barazani akawa kadhi. Alhamisi katekista akija anakaa upande wa pili. Wazee wawili, msahafu na biblia viko kwenye mfuko mmoja wa plastiki kwa ajili ya mvua, wanabishana kama marehemu fulani deni lake anapewa mjane au watoto. Wakakubaliana wapewe wote, mjane asimamie, mimi nikaandika.

Kurudisha kwenyewe hakukuwa kuzuri kama mnavyofikiria. Wengi hawakufungua mlango, walidhani kaja kudai. Mwalimu mmoja alipokea kadi yake akaikata na mkasi pale pale mbele yetu, akaingia ndani hajasema neno. Mvuvi mmoja alikataa pesa, akataka nyavu, tukamletea nyavu, panya wameitafuna, akaitandaza mchangani akaitazama akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kiwanja kimoja kati ya vile viwili kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu wa tatu, hakirudi, mjomba akampa mwenyewe nusu ya nyumba ya Makorora, wanaishi wote mpaka leo kwenye ua mmoja na choo kimoja, na hawapendani. Mama wa maandazi alihesabu pesa zote mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akasema, "pesa nimepokea, kukusamehe bado, nikimaliza nitakuambia." Mjomba akasema asante mama. Masufuria yalitoka siku moja asubuhi, hayo hayakuchukua hata nusu saa.

Akabatizwa Pasaka ya 2019. Alitaka jina la Zakayo. Katekista akakataa, akamwambia jina hilo watu watakusifu nalo kabla hujamaliza kulipa, akampa lingine la kawaida. Mjomba mkubwa alikuja akakaa nje ya kanisa kwenye ile benchi ya mwembe, na baadae alikula pilau.

Mimi hayo yote nilikuwa naandika tu. Nilipata ada yangu ya chuo kwenye zile kaunta buku, nikaondoka kwenda Dar, nikapata kazi, na kwenye akili yangu deni lilikuwa la mjomba na toba ni ya mjomba. Mpaka akanipigia simu mwaka juzi, salamu salamu, halafu akasema kimebaki kitu kimoja stoo.

Cherehani. Ya fundi mmoja wa Mwanzange, mama mtu mzima. Hiyo mjomba hakwenda kuichukua, nilitumwa mimi, peke yangu, mchana kweupe, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi na mtaa mzima unaangalia, na yule mama alichosema ni niishike vizuri lile gurudumu lisigonge. Mjomba alishampelekea mara tatu. Pesa kachukua, cherehani kakataa. Amesema aje yule kijana aliyeibeba.

Nikasema mjomba nina kazi. Akasema najua. Nikasema nitakuja mwezi wa saba. Sikwenda. Nikasema Desemba. Ilinichukua mwaka na miezi miwili kwenda kilometa mia tatu na kitu, na kila mwezi mjomba alikuwa ananitumia meseji moja tu, "bado ipo", kama vile nilivyokuwa namuandikia yeye kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, jina na neno bado.

Nilikwenda mwezi wa pili mwaka huu. Baiskeli ile ile, haina breki. Mjomba alinisaidia kuifunga, mikono yake inatetemeka siku hizi, na hakunisindikiza. Nilitembea nayo kutoka Makorora mpaka Mwanzange jua la saa saba, nimeshika gurudumu isigonge, watu kwenye mabaraza wanasalimia na mimi naitikia.

Yule mama alikuwa anamenya viazi. Shikamoo. Marahaba. Hakusimama. Akaniambia weka pale ulipoichukulia, na mimi nilikuwa napakumbuka, chini ya dirisha, sakafu ilikuwa bado na alama nne za miguu ya meza.

Nikaiweka. Akaja akafuta mikono, akazungusha gurudumu, likakwama. Akazungusha tena. Akatoa noti ya elfu mbili kwenye kanga akanipa.

"Nenda dukani kaniletee mafuta ya cherehani," akasema, "na chenji unirudishie."

Nikaenda.